Kujenga Mhusika katika Elden Ring: Pointi Ziende Wapi Kwanza?

Tangu Elden Ring itoke tarehe 25 Februari 2022, swali moja halijapoa miongoni mwa wanaoanza kuicheza: bildi gani, yaani mpangilio gani wa sifa za mhusika, ndiyo bora? Anayeuliza hujibiwa upesi, tena na wengi. Mmoja humwambia amimine kila pointi kwenye Intelligence, atafute fimbo ya Meteorite Staff mapema na kuwamaliza mabosi kwa mbali. Wa pili humwambia asiguse kitu kabla Vigor haijafika 40. Wa tatu humwambia aachane na hesabu, acheze anavyopenda. Mgeni hubaki njia panda, na mara nyingi hujaribu kuwaridhisha wote watatu: pointi tano hapa, sita pale. Akifika ngazi ya 50 anajikuta na mhusika ambaye hapigi kwa nguvu na hachelewi kufa.

Washauri hao hawapingani kama wanavyodhani. Kila mmoja anazungumzia kipindi chake cha mchezo uleule bila kusema ni kipindi gani. Ushauri mwingi unaosambaa unaeleza mhusika awe nani mwishoni, lakini haugusi kitu ambacho mchezaji anakihitaji leo, yaani mfuatano: kipi kitangulie, kipi kisubiri, na kwa nini.

Hesabu iliyo chini ya mchezo

Elden Ring ni kazi ya kampuni ya FromSoftware ya Japani, chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki, huku mwandishi George R. R. Martin akichangia visasili vya ulimwengu wake. Mhusika ana sifa nane. Tatu ni za kumweka hai: Vigor huamua wingi wa uhai, Mind huamua akiba ya kutumia uchawi na mbinu za silaha, Endurance huamua pumzi na uzito anaoweza kubeba. Tano zilizobaki ni za kuua: Strength na Dexterity kwa silaha za kawaida, Intelligence kwa uchawi, Faith kwa sala, na Arcane ambayo pamoja na mengine huongeza kasi ya kumtoa adui damu.

Mchezo unampa mchezaji aina kumi za kuanzia. Wretch huanza ngazi ya 1 akiwa na 10 katika kila sifa. Vagabond huanza ngazi ya 9 akiwa na Vigor 15 na Strength 14. Astrologer huanza ngazi ya 6 akiwa na Intelligence 16 na Vigor 9 tu. Uchaguzi huu haumfungi mtu. Astrologer anaweza kumaliza safari akiwa na shoka begani. Ila pointi ulizopewa mwanzoni haziwezi kushushwa kamwe, kwa hiyo chochote kilichokaa kwenye sifa usiyoitumia ni hasara ya kudumu, japo ndogo.

Kila ngazi huleta pointi moja, na bei yake hupanda. Kutoka ngazi ya 1 kwenda ya 2 ni runi 673, runi zikiwa ndiyo sarafu ya mchezo. Ukiwa ngazi ya 50, inayofuata inagharimu kama runi 15,000, na ukiwa ngazi ya 100 ni zaidi ya 60,000. Pointi za mwanzo ni rahisi kuzipata, lakini ndizo zenye uzito mkubwa kuliko zote, kwa sababu kipindi hicho huna kitu kingine cha kukubeba.

Tena pointi hazilipi sawa. Kila sifa ina vizingiti, na ukivivuka faida hupungua. Vigor inaonyesha jambo hili vizuri kuliko nyingine. Ikiwa 25, mhusika ana uhai wa 800. Ikifika 40, uhai ni 1,450. Ikifika 60, ni 1,900. Ikifika kilele cha 99, ni 2,100. Kati ya 25 na 40 kila pointi inaleta wastani wa uhai 43. Kati ya 40 na 60 inaleta kama 22. Kutoka 60 kwenda 99 inaleta tano tu. Anayesema “ongeza Vigor” bila kutaja mpaka wapi ametoa nusu ya ushauri. Sifa za kuua nazo zina vizingiti vyake, na kwa nyingi, ukipita 80 unatupa runi zako.

Halafu kuna silaha yenyewe. Ina masharti, yaani kiwango cha chini cha sifa ili uweze kuishika ipasavyo, na ina herufi zinazoonyesha inafaidika kiasi gani na kila sifa. Wageni wengi huchanganya mambo haya mawili. Kutimiza masharti ni kulipa kiingilio tu. Kuwekeza katika sifa inayokuza silaha ni gharama nyingine, na inalipa polepole zaidi.

Mkanganyiko unatoka wapi

Sababu kubwa ni kwamba miongozo huandikwa na waliomaliza. Mtu aliye ngazi ya 150 anaonyesha sifa zake, silaha yake na hirizi nne shingoni, kisha anasema huu ndio mpango. Ameonyesha kituo cha mwisho. Mgeni wa ngazi ya 20 hana silaha hiyo, hana mawe ya kuinolea, na hirizi mbili kati ya zile nne ziko kwenye maeneo ambayo hajayafikia. Anaiga uwiano wa namba akikosa kila kitu kinachoufanya uwiano huo ufanye kazi.

Ngazi 125 na 150, zinazorudiwa sana katika miongozo, zina asili yake pia. Ni viwango walivyokubaliana wachezaji wanaopenda kupambana wao kwa wao mtandaoni, kwa kuwa mchezo huwakutanisha watu kwa kuangalia ngazi na kiwango cha silaha. Asiyenuia kupigana na wachezaji wenzake hana sababu ya kusimama hapo. Hata hivyo namba hizo huletwa kwake kana kwamba ni sheria ya mchezo.

Kuna pia suala la masasisho. Wiki za kwanza kila mtu alihimizwa kutumia mbinu ya Hoarfrost Stomp na kumwita msaidizi Mimic Tear. Sasisho la 1.03, lililotoka tarehe 17 Machi 2022, likazipunguza nguvu zote mbili. Video zilizorekodiwa kabla ya hapo bado zipo na bado zinatazamwa, na anayezifuata leo haelewi kwa nini haoni maajabu aliyoahidiwa.

Sababu ya mwisho ni mazoea yaliyohamishwa kutoka michezo mingine. Katika Path of Exile, mchezo kutoka New Zealand uliozinduliwa mwaka 2013, mti wa vipaji una vituo zaidi ya elfu moja, na anayeanza bila mwongozo anaweza kukwama kabisa. Huko kufuata mpango wa mtu mwingine ni busara. Elden Ring ina sifa nane tu, kwa hiyo hofu ya kule haina budi kupunguzwa inapoletwa huku.

Kambi ya kwanza: sifa moja ya kuua, basi

Kambi hii inasema chagua sifa moja, ikuze, uache zote nyingine. Nguvu ya hoja yao iko kwenye hesabu. Chukua Vagabond anayelenga ngazi ya 150. Atakuwa na pointi 141 za kugawa. Kupandisha Vigor kutoka 15 hadi 60 ni pointi 45. Kupandisha Strength kutoka 14 hadi 80 ni pointi 66. Zinabaki 30 za kuweka kwenye Endurance ili avae chuma kizito na bado abingirike kwa wepesi, maana uzito ukizidi asilimia 70 ya uwezo wake, kukwepa kwake kunakuwa kwa kujikokota.

Strength ina zawadi ya ziada. Ukishika silaha kwa mikono miwili, mchezo unahesabu Strength yako mara moja na nusu. Mwenye 54 anahesabiwa 81. Upanga wa Greatsword unadai Strength 31, lakini anayeushika kwa mikono miwili anahitaji 21 tu. Vagabond anafika hapo kwa pointi saba. Ndiyo maana mhusika wa Strength huanza kuuma mapema kuliko karatasi inavyoonyesha.

Udhaifu wa kambi hii ni kukutana na adui aliyekingwa dhidi ya kitu pekee unachokijua. Mchawi aliyeweka kila kitu kwenye Intelligence anamfikia Rennala, malkia wa chuo cha Raya Lucaria, na kukuta uchawi wake unamgusa kidogo sana. Mtu wa Faith aliyetegemea silaha za nguvu takatifu anakumbana na hali hiyohiyo, tena pabaya zaidi: mbele ya bosi wa mwisho kabisa. Wa Strength hapati shida kubwa namna hiyo, kwa kuwa pigo la chuma linamuumiza karibu kila mtu. Sifa moja, basi, si ushauri wenye uzito sawa kwa wote. Kwa Strength ni salama, kwa Intelligence na Faith unahitaji silaha ya akiba.

Kambi ya pili: changanya

Hawa wanasema uzuri wa mchezo uko kwenye kushika upanga kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine. Wana hoja. Mchanganyiko unafungua silaha ambazo mtu wa sifa moja hazioni, na unaondoa tatizo la adui mwenye kinga. Gharama yake hujitokeza ukihesabu. Vagabond yuleyule wa ngazi ya 150 akitaka Vigor 60, Strength 60 na Dexterity 60, anatumia pointi 138 kati ya 141. Endurance yake inabaki karibu pale ilipoanzia, na chuma kizito anakiangalia tu.

Mfano wa karibu zaidi ni upanga wa Moonveil, unaopatikana katika mgodi wa Gael na kupendwa mno na wageni. Unadai Strength 12, Dexterity 18 na Intelligence 23. Samurai, ambaye kwa sura ndiye anayeonekana ameumbwa kwa ajili ya upanga huu, anaanza na 12, 15 na 9. Anahitaji pointi 17, na ataushika akiwa ngazi ya 26. Prisoner anaanza na 11, 14 na 14. Anahitaji pointi 14, ataushika ngazi ya 23. Astrologer ana Strength 8, lakini akiushika kwa mikono miwili hiyo 8 inahesabiwa 12, hivyo anahitaji pointi 13 tu za Dexterity na Intelligence. Ataushika ngazi ya 19.

Lakini angalia alivyolipa. Uhai wa Astrologer huyo bado uko chini ya 400, na mikono yake miwili ikishika upanga, fimbo haina mkono wa kuishika. Prisoner amechelewa kwa ngazi nne, ana uhai zaidi kidogo, na anatumia upanga na fimbo kwa pamoja. Nani amechagua vizuri? Inategemea kama ulitaka mchawi mwenye upanga wa dharura au mpiganaji mwenye uchawi mfukoni. Ukilijibu swali hilo kabla ya kuchagua aina, umejiepusha na ngazi ishirini za kutangatanga.

Mchanganyiko unaoharibu wahusika wengi si huu uliopangwa. Ni ule wa bahati nasibu: umeokota silaha nzuri inayodai Faith 14, ukaongeza Faith. Kesho umeokota nyingine inayodai Arcane 16, ukaongeza Arcane. Kila uamuzi peke yake unaonekana wa maana, na jumla yake ni mhusika asiye na mwelekeo.

Mabishano ya Vigor

Hapa ndipo mabishano ni makali kuliko popote. Upande mmoja unasema uhai ni wa waoga: mchezaji hodari hakwepi kwa namba, anakwepa kwa macho na vidole, na pointi zake ziende kwenye kuua ili pambano liwe fupi. Upande wa pili unasema mfu haui mtu.

Upande wa kwanza una ushahidi usiopingika. Wapo waliomaliza mchezo wakiwa Wretch wa ngazi ya 1, bila kuongeza pointi hata moja. Tatizo ni kwamba ushahidi huo unathibitisha mambo mawili, na wao hulitaja moja. Unathibitisha ustadi, ni kweli. Unathibitisha pia kwamba silaha iliyonolewa hubeba mzigo mkubwa kuliko sifa, kwani hao wa ngazi ya 1 hunoa silaha zao hadi mwisho. Silaha ya kawaida hunolewa hadi kiwango cha 25, ile ya pekee hadi cha 10, na kila hatua huongeza pigo la msingi pamoja na faida inayotoka kwenye sifa. Silaha ya kawaida ikifika kilele, pigo lake la msingi huwa zaidi ya maradufu ya lilipoanzia. Hakuna sifa inayofanya hivyo peke yake mwanzoni mwa mchezo.

Hoja hii inageuka dhidi ya wanaoidharau Vigor. Ikiwa mashambulizi yako yanakuzwa zaidi na mawe ya kunolea kuliko na pointi, basi pointi zimepata nafasi ya kwenda kwenye uhai. Mawe hayapunguzi pointi zako, na pointi hazikupi mawe. Ni hazina mbili tofauti. Mchezaji anayeweka pointi kumi kwenye Strength huku upanga wake haujanolewa ameishughulikia hazina isiyo sahihi.

Kuna jambo jingine ambalo wanaodharau Vigor hawalipimi vya kutosha: kujifunza. Bosi mpya husomwa kwa kumtazama. Mwenye uhai wa 500 hufa kwa mapigo mawili na kuondoka bila kuona awamu ya pili ya bosi. Mwenye 1,450 hukosea, hunywa dawa, hukosea tena, na kila kosa linamfundisha kitu. Kwa anayecheza mara ya kwanza, uhai ni muda wa masomo. Kwa anayecheza mara ya tano, muda huo hauhitajiki, na ndiyo maana ushauri wake humpotosha mgeni ingawa kwake mwenyewe ni sahihi.

Mchawi anastahili kutendewa tofauti kidogo. Umbali ni kinga, na Mind inamdai pointi ambazo mpiganaji hazihitaji. Anaweza kuchelewesha Vigor. Lakini asiifute, kwa kuwa mabosi wa nusu ya pili wanaruka, na umbali anaoutegemea hufutika kwa pigo moja.

Mwongozo wa mtu au ugunduzi wako

Zamani swali hili lilikuwa zito. Diablo II ilipotoka mwaka 2000, pointi ukishaiweka imekwenda, na wachezaji walisubiri hadi sasisho la 1.13 la mwaka 2010 ndipo wakaruhusiwa kugawa upya. Dark Souls ya mwaka 2011, babu wa Elden Ring, haikuruhusu kabisa. Katika mazingira hayo kufuata mwongozo kulikuwa kujikinga na hasara ya saa nyingi.

Katika Elden Ring, Rennala akishashindwa hugawa upya pointi zako kwa malipo ya Larval Tear, kitu ambacho idadi yake ina ukomo katika kila mzunguko lakini kinatosha kwa makosa ya mtu wa kawaida. Bei ya kukosea imeshuka mno. Kwa hiyo anayefuata mwongozo neno kwa neno ananunua usalama ambao tayari mchezo umempa bure, na analipa kwa kukosa raha ya kuokota silaha asiyoitarajia na kujenga safari nzima kuizunguka. Hasara hiyo naiona kubwa.

Hata hivyo ugunduzi bila taarifa yoyote nao una gharama zake, hasa kwa msomaji wa Kiswahili. Maandishi ya mchezo hayapo kwa lugha hii, na maelezo ya vizingiti hayapo ndani ya mchezo kwa lugha yoyote. Kujua namba chache zilizotajwa hapo juu hakumnyimi mtu ugunduzi. Kunamwondolea adhabu ya kutojua jambo ambalo hakuwahi kuambiwa.

Mfuatano unaofaa

Ukipima yote haya, mpango mzuri huanza na silaha, si na sifa. Chagua silaha unayofurahia mwendo wake, timiza masharti yake, kisha simama hapo. Tafuta mawe, noa. Pointi zinazofuata ziende Vigor mpaka karibu 40, na ni vizuri uwe umefika huko kabla ya mji mkuu wa Leyndell. Hapo ndipo sifa ya kuua ipewe zamu yake hadi kwenye 50 au 60, kwa maana silaha iliyonolewa sasa inajua kuitumia. Kabla ya milima ya majitu, ambako adui wa kawaida hupiga kama bosi wa jana, rudi kwenye Vigor uifikishe 60. Kinachobaki ndicho cha kufikia 80, au cha kuchanganya sifa ya pili. Endurance iongezwe pale uzito unapovuka asilimia 70, si kabla.

Anayetaka kuchanganya sifa mbili afuate njia ileile, ila akubali kwamba atakuwa nyuma kati ya ngazi ya 40 na ya 90, na asihamaki kwa hilo na kugeuza mpango katikati.

Nyongeza ya Shadow of the Erdtree, iliyotoka tarehe 21 Juni 2024, inahitaji hesabu yake. Humo nguvu na ustahimilivu hutegemea baraka ya Scadutree, yenye viwango 20, inayopandishwa kwa vipande vilivyotawanyika ramani nzima. Wengi waliingia na wahusika wa ngazi ya 150 waliojengwa vizuri, wakapigwa vibaya, wakahitimisha kwamba mpango wao ulikuwa mbovu na kuanza kugawa pointi upya. Siku chache baadaye FromSoftware ikaongeza nguvu ya viwango vya mwanzo vya baraka hiyo. Aliyekwama kule leo, kabla ya kumrudia Rennala na Larval Tear mkononi, ahesabu kwanza vipande alivyookota.